Cheo na Kipimo Chake

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Tanga, akiisha kuvuka mto Wami na kuingia katika nchi ya Wazigua, hufika Mkata. Hapo barabara hugawanyika. Moja hushika kaskazini, ikapita Kabuku hata Segera, ambapo mwenye safari ya Korogwe huachana na mwenye safari ya Tanga. Nyingine hushika magharibi hata Handeni mjini, mwendo wa kilomita 54. Katika njia panda kama hiyo hukutana watu wa kila namna: mkulima aliyeleta mahindi yake, mchuuzi, dereva, na mtu wa kijijini ambaye hakuja kuuza wala kununua, bali amekuja kumwona mkubwa. Huyu wa mwisho hutambulikana kwa nguo yake iliyopigwa pasi na kwa karatasi aliyoikunja mfukoni. Anayo haja. Pengine shamba lake limemegwa. Pengine mwanawe amewekwa ndani. Pengine fedha aliyoitoa haikuandikwa. Insha hii ni juu ya mtu huyo na juu ya mlango anaouendea. Nataka kuuliza: tangu zamani hata leo, ni nani aliyekuwa na haki ya kumhoji yule aliyeketi nyuma ya mlango ule?

Mimi ni mwalimu wa lugha, kwa hiyo msomaji atanisamehe nikianza na neno. Katika Kiswahili, cheo maana yake ya kwanza ni kipimo. Fundi huchukua cheo cha mlango kabla ya kukata ubao, na msusi wa mkeka hutafuta cheo chake kabla ya kushona ukili. Maana ya daraja na heshima ya mtu imekaa ubavuni mwa maana hiyo. Sidhani kwamba jambo hili ni la bure. Lugha imeweka katika neno moja ukubwa wa mtu na kipimo chake, kana kwamba imetaka kutuonya kuwa mkubwa asiyepimika hana cheo, ana nguvu tu. Nguvu na cheo ni vitu viwili. Simba ana nguvu, lakini hana cheo.

Neno la pili ni hongo. Siku hizi neno hili ni aibu, nalo hunong'onwa. Lakini katika karne ya 19 hongo lilikuwa ushuru uliotolewa na misafara ya biashara kwa watawala wa nchi ilizopita. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, alifanya makao yake Mazinde, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Korogwe, kwa sababu njia ya misafara ilipita pale. Na misafara iliyopita ilimlipa. Hongo lile liliweza kuwa zito, na wafanyabiashara waliweza kulilalamikia, lakini lilitolewa mchana, mbele ya wapagazi na wazee, kwa mapatano yaliyosikiwa na wote. Aliyelipa alijua analipa nini, na aliyepokea hakuficha. Neno limeharibika pale ambapo tendo limeondoka barazani likaingia uvunguni. Tofauti ya ushuru na rushwa, basi, haimo katika fedha yenyewe, bali katika macho yanayoiona fedha ile ikipita.

Wadachi walipoitamalaki nchi hii walikuta pwani vyeo vya liwali, akida na jumbe, wakavichukua na kuvipa kazi mpya. Akida wa zamani alikuwa mkuu wa askari. Akida wa Kidachi alikuwa mkuu wa nchi. Wilaya ziligawanywa katika sehemu, na kila sehemu ikapewa akida, aghalabu mtu wa pwani, mwenye kujua kusoma na kuandika, aliyetumwa kuwatawala watu asiokuwa na ujamaa nao. Kodi ya nyumba ilipoanzishwa mwaka 1898, rupia 3 kwa kila nyumba, yeye ndiye aliyesimamia kuikusanya. Yeye aliamua kesi ndogo ndogo. Yeye aliwatafuta watu wa kufanya kazi katika mashamba ya wageni, na mashamba hayo yalizidi kuongezeka kadiri reli ya kutoka Tanga ilivyosogea, hata ikafika Korogwe mwaka 1902. Katika Usambara, tangu 1907, kila mwanamume alipewa kipande cha kumlazimu kufanya kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Na kiboko kilikuwapo kwa mwenye kuchelewa. Hamsa ishirini ni maneno ambayo wazee wa nchi hii waliyarithi kutoka zamani zile.

Nisingependa kusema kuwa maakida wote walikuwa watu waovu. Miongoni mwao walikuwamo wenye elimu, dini na haya. Lakini hebu tuitazame kazi yenyewe ilivyoundwa. Akida aliwekwa na bwana shauri, akalipwa na bwana shauri, akaondolewa na bwana shauri. Sifa yake ilikuwa kodi iliyotimia na vibarua waliofika. Hapakuwa na mtu hata mmoja chini yake aliyeweza kumweka au kumwondoa. Mkulima aliyedaiwa rupia mbili zaidi ya haki alikuwa na njia mbili tu: kulipa au kukimbia. Ama kwenda kwa bwana shauri kumshitaki akida, nani angemtafsiria maneno yake, nani angemfungulia mlango? Kazi ya namna hiyo humharibu hata mtu mwema, na mwovu humnenepesha.

Tunajua mwisho wake katika nchi za kusini. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, kisha wakamwendea akida wa Kibata. Hivyo ndivyo vilivyoanza Vita vya Maji Maji. Wanahistoria wametaja sababu nyingi za vita vile, na dhuluma ya maakida haikosi katika hesabu yao. Watu wakikosa mahali pa kuuliza kwa maneno, siku moja huuliza kwa mishale.

Waingereza waliposhika nchi waliuona ubaya wa mpango wa maakida, wakasema kuwa dawa yake ni kuwarudishia wenyeji watawala wao wenyewe. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitunga Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1926, na kila mahali wakatafutwa machifu. Katika Uzigua kazi hiyo ilikuwa na mashaka ya pekee, kwa sababu Wazigua hawakuwa na mfalme mmoja wa kutawala nchi nzima. Walikuwa na wakubwa wa ukoo na wa vijiji, ambao nguvu zao zilitokana na fadhili: kumlisha mwenye njaa, kumpokea mkimbizi, kumpatanisha mgomvi. Mkubwa asiyekuwa na fadhili aliachwa na watu wake, wakahamia kwa mwingine. Hicho kilikuwa kipimo, tena kipimo kikali. Lakini chifu aliyeandikwa katika daftari la serikali na kupewa mshahara wa mwezi hakuweza kuachwa. Alikuwa hakimu, mtoza kodi na mtoa amri, yote matatu katika kiti kimoja. Kilemba kilikuwa cha mwenyeji, lakini macho yake yalitazama juu kama yalivyotazama macho ya akida. Jina lilibadilika, kipimo hakikurudi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 kazi ya kuvunja jengo hilo ilianza mara moja, na ni haki kuitaja kwa shukrani. Tangu mwanzo wa 1963 utawala wa machifu uliondolewa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka ule ule iliuondoa uamuzi wa kesi katika mikono ya watawala ikauweka katika mikono ya mahakimu. Watu walipiga kura. Lakini mwaka 1962 zilikuwa zimetungwa sheria za wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya, nazo ziliwapa wakubwa hawa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hata kwa muda wa saa 48, ikiwa waliona kuwa amani itavunjika. Mkuu wa mkoa aliteuliwa na Rais. Alikuwa pia katibu wa TANU wa mkoa wake, na kwa cheo chake alikuwa mbunge. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi: taifa lilikuwa changa, serikali ilikuwa na watu wachache, na hatari zilikuwa nyingi. Hata hivyo, atazamaye kwa makini ataona kiti kile cha zamani kimerudishwa sebuleni, kimepakwa rangi mpya.

Mwalimu Nyerere na wenzake hawakuwa vipofu juu ya hatari hiyo. Katiba ya muda ya 1965 iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, nayo ikaanza kazi mwaka 1966. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Erasto Mang'enya, Mbondei, jirani wa Wazigua, aliyewahi kuwa chifu na baadaye akawa Spika wa Bunge kuanzia 1973 hata 1975. Tume hii ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Mtu yeyote aliweza kuiandikia au kuiendea akaeleza jinsi mwenye cheo alivyomdhulumu. Hakudaiwa ada wala hakuhitaji wakili. Wajumbe wake walisafiri mikoani, wakawasikiliza watu, wakaita wakubwa na mafaili yao. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni alipata mahali pa kuikunjua.

Walakini Tume ilikuwa na mipaka. Haikuhukumu, ilipeleka maoni yake kwa Rais, naye ndiye aliyeamua la kufanya na la kutangaza. Kwa hiyo malalamiko ya mwananchi yalipanda ngazi ndefu hata juu kabisa, kisha haki, kama ilikuwapo, ikashuka ngazi ile ile. Kwa kuwa aliyekuwa juu alikuwa mtu mwenye dhamiri, mengi yalitengenezwa. Lakini nchi haiwezi kuweka akiba ya haki yake yote katika dhamiri ya mtu mmoja, hata akiwa mwema namna gani.

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU uliwakataza viongozi ubabe, dharau na maisha ya anasa. Ahadi za mwanachama zilikuwa zimekwisha kusema kuwa cheo ni dhamana na kwamba rushwa haipokewi wala haitolewi. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria mpya ya Kuzuia Rushwa. Maneno yalikuwa mema. Kumbe mwaka huo huo, siku ya Krismasi, katika shamba la Mkungugu huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa Mkoa wa Iringa, akafa. Mwamwindi alishitakiwa, akahukumiwa kifo. Sitaki kuifanya maiti ya mtu kuwa hoja yangu. Nasema tu kuwa mwaka ule ulikwisha na onyo zito, kwamba maneno ya kiongozi na mkulima yakikosa mwamuzi kati yao huweza kufika pabaya.

Mwaka 1972 ulikuja mpango wa madaraka mikoani. Halmashauri za wilaya, zilizochaguliwa na watu, zilivunjwa, na kazi zao zikahamishiwa kwa watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani. Ilisemwa kuwa madaraka yanasogezwa karibu na mwananchi. Ni kweli kuwa ofisi zilisogea, lakini kura ilienda mbali. Diwani mwenye uwezo, ambaye mtu wa Mkata au Kwamsisi angeweza kumnyima kura, hakuwapo tena. Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini ni lazima, na kwamba kazi hiyo iwe imetimia kabla ya mwisho wa 1976. Mkuu wa mkoa aliyekamilisha upesi alisifiwa. Hapa msomaji atakumbuka akida na kodi yake iliyotimia. Sisemi kuwa makusudi yalikuwa sawa, maana Mdachi alitaka vibarua, na serikali yetu ilitaka shule, maji na zahanati kwa watu wake. Nasema kuwa namna ya kumpima mtumishi ilikuwa ile ile: alipimwa kutoka juu, kwa hesabu ya kilichotimia, wala si kutoka chini, kwa namna kilivyotimizwa.

Ili tuone mpango huo ulivyoweza kuzaa msiba hata katika mikono ya watu wenye nia njema, yatupasa tuiache Handeni kwa kitambo, twende ziwani, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, mwaka 1976. Kisa cha huko ndicho kikubwa kuliko vyote vya namna hii katika historia ya tawala za mikoa yetu.

Katika Usukuma ya miaka ile palikuwa na balaa ya mauaji. Wazee, na hasa wanawake vikongwe, walikatwa mapanga usiku kwa kushukiwa uchawi. Wauaji hawakupatikana kwa urahisi, kwa sababu majirani waliogopa au walikubaliana nao. Hapana mtu mwenye moyo ambaye angesema kuwa serikali ikae kimya. Vyombo vya usalama vya mikoa hiyo miwili viliungana kuwasaka wauaji, na watu wengi wakakamatwa. Wakawekwa mahabusu, wakaulizwa, na walipokosa kusema yaliyotakiwa, walipigwa na kuteswa ili wakiri. Baadhi yao walikufa mikononi mwa waliowakamata.

Tutafakari jambo hili polepole. Watu waliotumwa kuwalinda bibi vikongwe wasiuawe pasipo hukumu waliua watu pasipo hukumu. Mwuaji wa kijijini alisema: huyu ni mchawi, hahitaji mahakama. Mtesaji wa mahabusu alisema: huyu ni mwuaji, hahitaji mahakama. Maneno yao yalikuwa mamoja, tofauti ilikuwa sare ya kazi. Wala haikuwa tamaa ya fedha iliyowaongoza. Tumezoea kudhani kuwa ufisadi wa cheo ni wizi na rushwa tu, na kwamba kiongozi asiyeiba amesalimika. Kisa cha Mwanza na Shinyanga kinatufundisha kuwa cheo huharibika pia kwa bidii isiyopimwa. Mla rushwa hukiuza cheo chake kwa mwenye fedha; mtesaji hukitumia juu ya asiye na nguvu; wote wawili wamekitoa mahali pamoja, yaani mahali ambapo cheo huulizwa.

Habari zilimfikia Rais, uchunguzi ukafanywa, na ukweli ukadhihirika. Mwezi wa Januari 1977 wakubwa wanne waliacha kazi: Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, Peter Kisumo, mkuu wa Mkoa wa Mwanza, na Marco Mabawa, mkuu wa Mkoa wa Shinyanga. Mwinyi hakuwa amemgusa mtu. Mateso yale yalifanywa mbali na ofisi yake, na watu ambao pengine hakuwajua kwa sura. Lakini waliokosa walikuwa chini ya wizara yake, naye alikubali kuwa dhamana haigawanyiki: huwezi kupokea saluti ya askari ukakataa lawama yake. Baadaye baadhi ya maofisa wa polisi na wa usalama walishitakiwa, wakatiwa hatiani, wakafungwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwinyi alipelekwa Misri kuwa balozi, akarudi, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano hata 1995. Alipofariki Februari 2024, kujiuzulu kwake kule kulikumbukwa tena. Kila palipotokea aibu ya serikali baada ya hapo watu walimtaja yeye kuwa kielelezo, na kwa haki. Ni adimu katika nchi yoyote mtu mkubwa kusema: hili ni langu, ingawa mkono haukuwa wangu. Heshima aliyoipoteza kwa siku moja ilimrudia maradufu. Anayeng'ang'ania kiti kwa kuogopa aibu na ajifunze hapo.

Hata hivyo, nikiisha kumpa sifa yake, naona ni wajibu wangu kuongeza neno moja. Tunayakumbuka majina ya waliojiuzulu. Majina ya waliokufa hatuyakumbuki. Mwanafunzi wangu yeyote ataweza kunitajia waziri. Sijampata bado wa kunitajia mkulima mmoja aliyefia mahabusu. Tumekigeuza kisa kile kuwa hadithi ya uungwana wa wakubwa, na kwa kufanya hivyo tumesahau kuuliza swali lililo gumu zaidi: kwa nini hapakuwa na mtu wa kuzuia mapema? Hakimu alikuwapo, lakini hakuletewa watu. Tume ya Kudumu ilikuwapo, lakini aliye mahabusu haandiki barua. Diwani hakuwapo. Magazeti yalikuwa ya chama na serikali. Mkuu wa mkoa, ambaye angalisikia kilio, ndiye aliyekuwa mkubwa wa usalama katika mkoa wake, ndiye serikali, ndiye katibu wa chama. Mlango ulikuwa mmoja, na nyuma yake aliketi mtu mmoja mwenye kofia zote. Kujiuzulu kulimtoa mtu, hakukuongeza mlango.

Ndiyo maana mambo yalijirudia kwa sura nyingine. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu walikamatwa mikoani kwa mamia, wengine kwa haki na wengine kwa chuki ya jirani, na mahakama za kawaida zikawekwa kando, pakaundwa baraza maalumu. Nia ilikuwa njema tena: bidhaa zilikuwa zimefichwa na watu walikosa sabuni na sukari. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Benjamin Mkapa, ilieleza jinsi rushwa ilivyoenea katika ofisi za umma, ikapambanua mtumishi mdogo anayepokea kwa sababu mshahara haumtoshi na mkubwa anayepokea kwa uroho. Kwa mtu wa njia panda ya Mkata tofauti hiyo ilikuwa na maana ndogo, kwa sababu wote wawili waliketi nyuma ya mlango ule ule. Mwaka 1997 Sheria ya Tawala za Mikoa iliurudia uwezo wa saa 48, ingawa safari hii iliongeza masharti, na kumtaka mwenye kuamuru aandike sababu zake. Zaidi ya mara moja tangu hapo viongozi wa juu wamelazimika kuwakumbusha wakuu wa mikoa na wilaya kwamba uwezo ule haukuwekwa kwa ajili ya kumnyamazisha mtu aliyesema neno lisilopendeza mkutanoni.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Warumi wa kale walikuwa na liwali mmoja, Verres, aliyekitawala kisiwa cha Sicily tangu 73 hata 71 kabla ya Kristo, akapora mali na masanamu ya watu, akauza hukumu kama samaki sokoni. Watu wa kisiwa wenyewe walikwenda Roma kumshitaki, na Cicero akawasemea mwaka 70. Verres alikimbia kabla ya hukumu. Kwa upande wa Waislamu, Umar bin Khattab, khalifa wa pili, husimuliwa kuwa aliandika mali ya maliwali wake kabla ya kuwatuma, na waliporudi na zaidi aliwataka waeleze ilikotoka. Sheria yetu ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, inayowataka viongozi watangaze mali zao, inafuata nyayo hizo za kale. Lakini tazama tofauti ya visa hivi viwili. Umar alipima kutoka juu. Alipokufa, kipimo kilitegemea atakayemfuata. Watu wa Sicily walipima kutoka chini, na ingawa walichelewa, hawakungoja mtawala mwema azaliwe.

Najua yupo atakayenijibu kuwa utawala wa watu maskini na wengi hauwezi kwenda kwa kuulizana kila siku. Atasema kipindupindu hakingoji mkutano, na mwizi wa ng'ombe hangoji hati. Ni kweli kuwa iko saa ya kutenda upesi. Lakini mimi siombi mkubwa aulizwe kabla ya kila tendo, naomba ajue kuwa ataulizwa baada yake, na watu ambao hawezi kuwafukuza. Mwenye kujua hivyo hutenda upesi na kwa adabu pia. Mauaji ya Usukuma hayakukomeshwa na mateso ya 1976. Yaliendelea miaka mingi baadaye. Haraka ile haikununua hata kile ilichokuwa imekitolea gharama.

Turudi Mkata. Halmashauri za wilaya zilirudishwa kwa sheria za 1982, zikaanza tena kazi mwaka 1984. Sheria hizo zilikipa kila kijiji mkutano mkuu wa watu wazima wote, ambao halmashauri ya kijiji hupaswa kuusomea mapato na matumizi kila miezi mitatu. Mtu atadhani ni jambo dogo: mwenyekiti amesimama chini ya mwembe na daftari, akisoma kuwa ushuru ulikuwa kiasi hiki na saruji ilinunuliwa kwa kiasi hiki. Kwangu ni jambo kubwa kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Hapo hongo la gizani hurudi barazani. Hapo kina mama waliobeba maji ya mradi huweza kuuliza mradi umekwenda wapi. Mahali mkutano huo usipoitishwa mwaka mzima, msomaji asingoje kusikia habari za wizi, ameshazisikia.

Zamani sokoni nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi. Muuzaji ndiye aliyeshika pishi, lakini mnunuzi alisimama mbele yake akitazama, na kama nafaka haikufurika alisema. Hakuna aliyeona kuwa mnunuzi amemvunjia muuzaji heshima. Cheo nacho ni pishi. Akida alilipima mwenyewe, gizani. Chifu alipimiwa na bwana shauri. Mkuu wa mkoa wa 1976 alipimiwa na Rais, na Rais alikuwa mwadilifu, na bado watu walikufa kabla kipimo hakijafika. Imebaki kwamba yule mwenye nguo iliyopigwa pasi, ashukaye garini Mkata na karatasi yake, asimame mbele ya pishi, atazame, na pishi lisipojaa aseme bila ya kuogopa saa 48.

Siku atakapoweza kusema hivyo, na kesho yake akalala nyumbani kwake, neno letu cheo litakuwa limerudi katika maana yake ya kwanza.